Tarehe ya Malipo: Mhadhara juu ya Ruzuku ya Fedha na Tadbiri ya Kaya za Mashambani



Jambo nililoitiwa kulisema mbele yenu ni jambo la fedha kidogo, na huenda wako miongoni mwenu wanaodhani kwamba fedha kidogo haistahili mhadhara mrefu. Walakini naomba mnistahimilie, kwa kuwa azma yangu ni kuonyesha ya kwamba katika maisha ya mkulima asiye na akiba, shilingi chache zinazofika siku iliyojulikana tangu awali hutenda kazi ambayo shilingi nyingi zinazofika kwa nasibu haziwezi kuitenda. Nitazungumza juu ya Tanzania, Bara na Visiwani, na juu ya Kenya, maana katika nchi hizi ruzuku ya fedha taslimu kwa kaya maskini imejaribiwa miaka mingi, ikapimwa kwa uangalifu na wataalamu wa ndani na wa nje, na matokeo yake yamechapishwa kwa kila atakaye kuyasoma.

Kwanza sina budi kuondoa dhana moja iliyoenea sana mijini. Watu wenye mishahara aghalabu husema kwamba maskini wa mashambani hapangi maisha yake, kwamba huishi kwa leo na kuiachia kesho ijitafutie yenyewe, na kwamba ukimpa fedha atazila kabla jua halijachwa. Dhana hii ni batili, na madhara yake si madogo, kwa sababu sera nyingi zimejengwa juu yake. Hakuna mtu apangaye kwa taabu na kwa hadhari kuliko mama wa kijijini mwenye ekari moja ya mahindi na watoto wanne. Yeye hujua kwamba vuli ikichelewa atapanda mtama au mihogo pahala pa mahindi. Hujua gunia lililobaki litamfikisha mwezi gani. Hujua kwamba Januari watoto watataka sare na madaftari, na kwamba masika ikianza, wakati ambao mwili hutakiwa jembeni kuliko wakati wowote, ndipo ghala huwa tupu. Hesabu hii yote anayo kichwani, wala hakuiandika popote. Alichokosa ni kitu cha kuitimizia hesabu hiyo, na zaidi ya hicho alikosa uhakika, maana mapato yake hutegemea mvua asiyoiamuru, bei asiyoipanga, na kibarua ambacho leo kipo na kesho hakipo. Mtu akipanga juu ya msingi wa namna hiyo, mipango yake huvunjika mmoja baada ya mwingine, hata mwisho akajizoeza kutotazama mbali. Na anayemwangalia kutoka mjini, asiyejua ni mipango mingapi imekwisha kufa mikononi mwake, humwita mvivu wa fikira.

Yatazameni yampatayo mkulima katika miezi ya njaa. Mkoani Kagera iko biashara iitwayo butura, ambayo mkulima huiuza kahawa yake ingali ua mtini. Na kusini, katika Mtwara na Lindi, wakulima wa korosho wanaifahamu vyema kangomba, ambayo mlanguzi huinunua korosho kwa bei ya kutupa nje ya utaratibu uliowekwa. Biashara hizi zimepigwa marufuku zaidi ya mara moja, na walanguzi wamesakwa na kukamatwa, lakini hazikufa. Na mimi naamini hazitakufa kwa amri peke yake, kwa sababu chanzo chake hakimo katika tamaa ya mlanguzi tu, kimo pia katika nyumba ambayo mtoto ameshikwa na homa mwezi wa Mei, hali korosho haitaanguka mpaka Oktoba. Mzee wa nyumba ile anajua barabara kwamba anapunjwa. Anajua bei ya mnada itakuwa kiasi gani, na pengine ameitaja mbele ya huyohuyo anayempunja. Anauza kwa sababu homa haingoji mnada, na mwaka unaofuata huanza akiwa na deni, hata akalazimika kuuza tena mapema kuliko mwaka uliopita.

Huko Bungoma, magharibi ya Kenya, msiba huu hutokea kwa sura nyingine. Mahindi yavunwapo kila mtu huuza kwa pamoja, kwa kuwa karo inadaiwa na madeni ya mwaka yamefika, na bei huanguka. Kisha baada ya miezi kadhaa walewale waliouza hurudi sokoni kununua mahindi ya aina ileile kwa bei iliyokwisha kupanda. Wachumi Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walieleza jinsi wakulima waliopewa mkopo mdogo wakati wa mavuno walivyoweza kuyaweka mahindi yao ghalani na kuyauza baadaye kwa faida. Ule ulikuwa mkopo, haukuwa ruzuku, lakini somo lake latuhusu: wakulima wale walijua tangu zama za babu zao kwamba bei hupanda, wala hapakuwa na bwana shamba aliyehitajiwa kuwafundisha. Walikosa fedha ya kungojea nayo.

Sasa niingie katika ruzuku yenyewe. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, ambao sote twauita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na katika miaka yake ya awali ulijulikana zaidi kwa madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2010 ulianza kuwalipa watu fedha mkononi, kwa njia ya majaribio, katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliwekwa katika hesabu, vikagawanywa kwa kura, nusu vikaanza kupokea na nusu vikangoja, ili matokeo yaweze kulinganishwa kwa insafu. Malipo yalikuja kila baada ya miezi miwili, nayo yalikuwa madogo kwa kipimo chochote: kwa mtoto, thamani ya dola 3 za Marekani kwa mwezi, na kwa mzee aliyefikia miaka 60, dola 6. Yalikuwako masharti ya kupeleka watoto shule na kliniki, na fedha ziligawiwa na kamati ya usimamizi iliyochaguliwa na wanakijiji wenyewe, mbele ya macho ya jirani zao.

Wataalamu waliporudi kuuliza fedha zilikwenda wapi, walikuta ya kwamba kaya zilizopokea zilikuwa zimeongeza mifugo, hasa kuku na mbuzi; kwamba watoto wao walikuwa na viatu zaidi; na kwamba zilikuwa zimejiunga na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii kwa wingi kuliko kaya za vijiji vilivyokuwa vikingoja. Nataka tusimame kidogo juu ya jambo hili la bima, kwa sababu mimi naliona kuwa ushahidi mkubwa kuliko mwingine wowote katika maneno yangu ya leo. Kuku hununuliwa na kuonekana siku ileile, hutaga, huchinjwa, huuzwa; hata asiyefikiri mbali anaweza kununua kuku. Bima ni kitu tofauti kabisa. Mwenye kulipa ada ya bima hutoa fedha leo kwa ajili ya ugonjwa ambao haujaja, ambao pengine hautakuja, na mkononi hubaki na kadi ya karatasi tu. Mtu mwenye njaa leo hawezi kufanya hivyo hata akiwa na hekima zote za dunia. Mafukara wa Chamwino na Bagamoyo walipoanza kununua bima, walituonyesha kwamba kwa mara ya kwanza mahitaji ya leo yalikuwa yamelegea kiasi cha kuwaruhusu kushughulika na mwezi ambao haujaandama.

Niliwahi kukaa barazani kwa mjane mmoja, katika kijiji cha wilaya hiyohiyo ya Bagamoyo, siku aliyotoka kupokea ruzuku yake. Alizitandaza noti juu ya mkeka, akazitazama, kisha akazigawa bila ya kusitasita. Zile za unga na mafuta ya taa alimpa mjukuu wake mkubwa aende dukani saa ileile. Noti moja aliifunga katika pindo la khanga yake, akaipiga fundo la kwanza, akaniambia hiyo ni ya hisa. Nyingine aliipiga fundo katika pindo la pili, akasema hiyo ni ya dawa ya kuku, kwa kuwa kideri kiliwahi kumaliza matetea yake yote na hakutaka kimkute tena mikono mitupu. Nilimwuliza kama miezi miwili haikuwa mingi mno kwa fedha ile. Akanijibu, “Mwalimu, miezi miwili si mingi ukiijua. Mimi najua siku zinapokuja nyingine.”

Zile alizoziita fedha za hisa zilikuwa za kikoba. Wengi wenu mmeviona vikoba, lakini kwa faida ya asiyeviona nitaeleza. Ni kundi la watu wajuanao, kina mama aghalabu, wanaokutana kila juma na kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, hata pasiwe na mmoja awezaye kukifungua peke yake. Kila mmoja hununua hisa kadiri ya uwezo wake, hupigiwa mhuri katika kitabu chake kidogo, na fedha hizo hukopeshwa wanachama kwa riba ndogo ambayo mwishoni mwa mwaka hurudi kwao wenyewe siku ya kuvunja kikoba. Pembeni huwekwa mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na maradhi. Maskini mno hakaribishwi kwa urahisi katika vikundi hivi, wala si kwa sababu ya ukatili wa wenziwe: wanajua kwamba asiye na mapato ya hakika atashindwa kununua hisa juma la tatu, kisha ataona haya, kisha hataonekana tena. Ruzuku yenye tarehe ndiyo iliyomfanya yule mjane aaminike. Wenziwe walijua kwamba mwezi fulani atakuwa na fedha, wakamkubali, na kwa kumkubali wakampa mkopo, na kwa mkopo ule alinunua mbuzi mbarika wawili ambao nilionyeshwa wamefungwa chini ya mwembe.

Majaribio yale yalizaa mpango mkubwa. Mwaka 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na katika muda wa miaka michache ulikuwa umeandikisha kaya zipatazo milioni 1.1, Bara na Zanzibar. Ndani yake ziliunganishwa ruzuku, kazi za muda katika miezi ya upungufu wa chakula, na uundaji wa vikundi vya kuweka akiba. Nchini Kenya serikali nayo inao mpango wa Inua Jamii, unaowalipa wazee, watu wenye ulemavu na kaya zenye mayatima shilingi 2,000 kwa mwezi. Na kaskazini ya nchi hiyo, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kuna malipo ya wafugaji yaliyoanzishwa ili kuwakinga na njaa, kwani mfugaji naye ana namna yake ya kuuza kesho, ambayo ni kumpeleka mnadani ng’ombe jike mwenye mimba wakati wa ukame.

Lakini swali la mhadhara wangu, yaani ni namna gani ya kulipa imwezeshayo mtu kupanga, lilijaribiwa kwa kina zaidi kandokando ya Ziwa Nyanza. Shirika liitwalo GiveDirectly, lililoanzishwa na wanafunzi wa uchumi huko Marekani, liligawa fedha bila ya sharti lolote katika Rarieda, Siaya. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuata kaya zilizopata fedha hizo kati ya mwaka 2011 na 2013: baadhi yao walilipwa kwa mkupuo mmoja, na baadhi kidogo kidogo kila mwezi. Waliolipwa kila mwezi walipata utulivu zaidi wa chakula. Waliopata kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Katika vitu hivyo mabati yalikuwa na nafasi kubwa, nami sishangai hata kidogo, maana paa la nyasi huvuja, huoza, huliwa na mchwa, na kila mwaka hudai nyasi mpya na fundi wa kuezeka, hata maskini akawa analipa katika maisha yake gharama ya mapaa mengi ya bati bila ya kuwahi kuwa na bati moja. Anaijua hesabu hiyo. Hawezi kuikusanya bei ya bati pamoja kwa sababu kila anapofika nusu hutokea ugonjwa au mazishi, na fedha iliyo ndani ya nyumba yenye shida haikai.

Kutokana na hayo ilikuwa rahisi kuhukumu kwamba mkupuo ni bora kwa maendeleo, na malipo ya kila mwezi ni bora kwa tumbo tu; na wako waliohukumu hivyo. Ndipo likaja jaribio la pili, kubwa kuliko yote ya aina yake duniani, lililoanza kwa kijiji kimoja mwaka 2016 na kuenea katika vijiji vya Siaya na Bomet. Vijiji 295 viligawanywa kwa kura. Katika 44, kila mtu mzima aliahidiwa kulipwa kila mwezi kwa muda wa miaka 12. Katika 80, malipo ni yaleyale lakini kwa miaka 2 tu. Katika 71, jumla ya miaka 2 ilitolewa kwa mkupuo. Vijiji 100 havikupewa kitu, vikawa kipimo. Kiasi kilikuwa shilingi 2,250 za Kenya kwa mwezi, takriban senti 75 za dola kwa siku.

Matokeo yalipotangazwa mwaka 2023 na Abhijit Banerjee, Tavneet Suri na wenzao, yalikuwa na jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha yote. Baada ya miaka miwili ya kwanza, watu wa vijiji vya miaka 12 na watu wa vijiji vya miaka 2 walikuwa wamepokea kiasi kilekile hasa, senti kwa senti. Pamoja na hayo, wale wa miaka 12 walikuwa wameanzisha biashara zaidi na kuendelea zaidi, wakakaribiana na waliopata mkupuo. Wale wa miaka 2 walibaki nyuma ya wote wawili. Mikono ilishika fedha sawasawa. Kilichotofautiana kilikuwa ni ahadi. Na walifanyaje wale wa miaka 12 hata malipo madogo ya kila mwezi yakawatendea kazi ya mkupuo? Walicheza upatu. Watu kumi au kumi na wawili waliweka fedha zao pamoja kila mwezi, mmoja akapokea zote, mwezi wa pili mwingine, hata duru ikaisha na kila mmoja akawa amewahi kushika fungu kubwa la kununulia mashine ya kushonea au bidhaa za duka. Upatu haukuletwa na mtaalamu yeyote. Ni desturi yetu, pwani na bara, lakini hauchezeki na mtu asiyejua kama atakuwa na fedha mwakani, kwa sababu aliye wa mwisho katika duru humwamini wa kwanza, na amana hiyo hudai muda mrefu wa uhakika. Aliyeambiwa kwamba malipo yake yatakwisha baada ya miaka miwili huanza kujiwekea hadhari kwa ajili ya siku hiyo badala ya kuthubutu.

Haiwapasi watu wa mwambao kulishangaa jambo hili. Majahazi ya Maskati na Sur yalikuja Lamu, Mombasa na Unguja karne kwa karne kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi, na nahodha aliweza kukopa mali, kuajiri mabaharia na kuagana na jamaa zake kwa miezi mingi, kwa sababu alijua kwamba kaskazi itavuma Desemba na kusi itamrudisha. Dhoruba zenye nguvu kuliko pepo hizo zimo baharini, wala hapana biashara iliyojengwa juu ya dhoruba.

Uhakika nao hauji kwa tarakimu tu, huhitaji kuaminiwa. Shirika lile la GiveDirectly lilipoingia Homa Bay, jirani na Siaya, watu zaidi ya wanne katika kila kumi waliofikiwa walizikataa fedha. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba fedha za bure zina mkono wa shetani na kwamba mwenye kuzipokea atakuja kudaiwa kitu kikubwa kuliko alichopewa. Wako waliowacheka watu wale. Mimi siwacheki, kwa sababu katika maisha yao yote hawakuwahi kuona mgeni akileta fedha bila ya kutaka kitu, na kukataa mali usiyojua shina lake ni busara ambayo wazazi wetu walitufunza. Funzo ni kwamba anayelipa ana wajibu wa kujieleza kwa mlipwa, kwa lugha yake, barazani pake, na kwa subira.

Najua mmekwisha kuniwekea swali la ulevi. Swali hili huulizwa kila mahali panapotajwa ruzuku, na limejibiwa: David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na kwa jumla hawakuona kwamba wapokeaji huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Kuhusu uvivu nitasema kwa ufupi zaidi, kwa kuwa senti 75 kwa siku hazijapata kumlaza mtu kitandani. Swali la bei lina uzito zaidi, maana ni kweli kwamba fedha zikimiminwa mahali pasipo na bidhaa bei hupanda. Huko Siaya, kati ya mwaka 2014 na 2017, kaya zaidi ya 10,500 katika eneo la vijiji 653 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na wachunguzi walikuta kwamba bei zilisogea kidogo mno, ilhali kila dola iliyoingia ilizungusha uchumi wa eneo lile kwa dola zipatazo mbili na nusu. Fundi baiskeli, muuza samaki na mwenye kinu, ambao hawakuwa katika orodha, walipata mafungu yao kupitia mikono ya jirani zao.

Yapo mambo ambayo fedha haiwezi, nami nitakuwa nimewadanganya nisipoyasema. Mama aliyelipa bima akifika zahanati na kukuta dirisha la dawa limefungwa, tadbiri yake imekufa bila ya kosa lake. Mtoto aliyenunuliwa viatu akifika darasani na kukuta watoto mia na mwalimu mmoja, viatu havitamfundisha kusoma. Ruzuku haiondoi wajibu wa serikali wa kujenga na kuajiri, na kila atakayeitumia kuwa kisingizio cha kufunga zahanati atakuwa ameipotoa.

Kwa wenzetu wa dini, na hasa kwa Waislamu wa mwambao walio wengi katika ukumbi huu, napenda kukumbusha kwamba fikira hii si ngeni kwetu. Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake imesomeshwa katika madrasa zetu kwa karne nyingi, ameeleza katika kitabu chake kingine kikubwa cha fikihi ya Kishafii kwamba fakiri hupewa katika zaka kiasi cha kumtoa katika haja na kumfikisha katika ukwasi wa kudumu: mwenye ufundi apewe cha kununulia vyombo vya ufundi wake, na mfanyabiashara apewe mtaji. Hivyo ndivyo walivyofikiri wanazuoni wa karne ya 13. Sisi tumeigeuza zaka mara nyingi kuwa mgao wa sarafu mlangoni katika mwezi wa Ramadhani, ambao mpokeaji hawezi kuujengea chochote kwa sababu hajui mwaka ujao atapata nini, kwa nani, wala kama atapata. Kamati za zaka za misikiti zingeweza kuchukua kaya chache na kuziahidi kiasi cha hakika kwa miaka mitatu, badala ya kugawa kidogo kwa umati. Na mimi nawaomba maimamu walitazame jambo hili.

Nimefika penye uchungu. Yule mjane alisema kwamba anajua siku zinapokuja fedha nyingine. Tangu wakati ule yamepita majira ambayo fedha hazikuja siku hiyo, wala mwezi huo. Nchini Kenya pia malipo ya Inua Jamii yamewahi kukaa miezi kadhaa, kisha yakalipwa kwa pamoja. Waheshimiwa wanaohusika hujitetea kwamba hapana kilichopotea, kwa kuwa malimbikizo yote yalilipwa mwisho wake. Utetezi huo haukubaliki. Mwezi ambao fedha hazikufika, mjane hakununua hisa, na mkopo wake ukacheleweshwa. Alikopa unga dukani kwa bei ya mkopo. Pengine alimwuza mbarika mmoja. Malimbikizo yalipokuja yalikuta deni, yakalilipa, yakaisha. Na kilichoharibika zaidi ni ile imani ya wenziwe wa kikoba kwamba huyu ni mtu wa kuaminiwa, imani ambayo hairudi pamoja na malimbikizo. Ofisa aliyechelewesha karatasi juu ya meza yake kwa majuma sita huenda hajui kwamba ameharibu kazi ya miaka miwili, na ndiyo sababu nayasema haya hadharani.

Unguja na Pemba zina sifa katika jambo hili, na ni haki kuitaja: mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha pensheni jamii kwa kila mzee aliyefikia miaka 70, tajiri kwa maskini, shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha ya hazina yake yenyewe. Kiasi kilikuwa kidogo. Lakini mzee anayejua kwamba haki yake haitegemei kuorodheshwa upya wala hisani ya mfadhili wa ng’ambo ambaye mkataba wake una mwisho, anaweza kumwahidi mjukuu daftari la muhula ujao na asiwe mwongo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mamlaka waliopo hapa ni dogo, na halihitaji sheria mpya wala mkopo mpya. Tarehe za malipo za mwaka mzima ziandikwe kwa wino mkubwa na zibandikwe katika mlango wa kila ofisi ya kijiji kabla ya mwezi wa Januari kwisha. Kila kaya iambiwe kwa maneno ya wazi itabaki katika orodha kwa miaka mingapi. Fedha zikichelewa, wahusika waende kijijini wenyewe kusema sababu, na waseme zitafika siku gani. Malipo ya mwisho ya mwaka yasogezwe yatangulie ufunguzi wa shule, yasiufuate. Nanyi mnaokaa vijijini, muiulize ofisi yenu tarehe hiyo, muulize tena, na mkiambiwa haijulikani, muulize ni nani aijuaye.